Kikohozi Kisichoisha Baada ya Dawa: Uhusiano wa Ugonjwa Sugu wa Njia za Hewa na Kutanuka kwa Mirija ya Mapafu

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa iliyo kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huko hukaza, milango hufungwa mapema na jiko la mkaa huingizwa ndani. Ndiyo miezi ambayo madawati ya zahanati na vituo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Mbeya, hujaa watu wanaokohoa. Wengi wana mafua yatakayokwisha kwa wiki moja. Lakini miongoni mwao wapo ambao kikohozi chao hakina msimu. Walianza kukohoa miaka mingi iliyopita, hutema makohozi kila asubuhi, na kila wafikapo kituoni huandikiwa jina jipya la ugonjwa: mwaka huu pumu, mwakani mkamba, mwaka unaofuata "kifua kikuu kimerudi".

Makala hii inawahusu hao. Baadhi yao, na si wachache, hawana ugonjwa mmoja unaobadilika majina, bali wana magonjwa mawili yanayoishi pamoja katika kifua kimoja: ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa na bronkiektasisi, yaani kutanuka kwa kudumu kwa mirija ya mapafu. Kuyatambua yote mawili hubadilisha dawa anazopewa mgonjwa, muda wa kuzitumia, na zaidi ya yote hubadilisha kile anachotakiwa kukifanya mwenyewe nyumbani kila siku.

Mirija inayoziba na mirija inayotanuka

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao watumishi wa afya huuita kwa kifupi COPD, huanzia kwenye mirija midogo kabisa ya mapafu na kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwishoni mwake. Kuta za mirija hiyo huvimba na kuwa nene, vifuko hupoteza uwezo wa kunywea, na hewa iliyovutwa ndani hushindwa kutoka yote. Mgonjwa huhisi kifua kimejaa hata kabla hajavuta pumzi nyingine. Bronkiektasisi kwa sura ni kinyume chake. Mirija mikubwa na ya kati hutanuka, kuta zake hulegea na kuharibika, wala hairudi tena katika upana wake wa awali. Daktari Mfaransa René Laennec, yule aliyebuni stethoskopu, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1819, nao umebaki kuwa jina gumu kutamkwa na rahisi kusahauliwa, hata miongoni mwa wanaosomea udaktari.

Mirija iliyotanuka haina nguvu ya kusukuma ute. Ute hutuama humo kama maji ya mvua katika mtaro uliobomoka kingo, na penye maji yaliyotuama vijidudu havikosekani.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki, inawezekanaje ugonjwa unaobana njia na ugonjwa unaozitanua vikutane mahali pamoja. Jibu ni kwamba njia za hewa ni kama mti uliopinduliwa. Shina lake ni koo la hewa, matawi yake ni mirija mikubwa, na vijiti vyake ni mirija midogo isiyofikia milimita mbili. Matawi yanaweza kutanuka huku vijiti vikiziba, na mara nyingi uharibifu wa upande mmoja ndio unaouleta wa upande wa pili.

Njia za hewa zenye afya zimefunikwa na vijinywele visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga kasia usiku na mchana kuupandisha ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na bakteria walionaswa ndani yake. Moshi wa tumbaku na wa kuni huvipooza vijinywele hivyo, na ukiendelea kwa miaka huviharibu kabisa, huku ukizichochea tezi kutoa ute mwingi zaidi. Bakteria kama Haemophilus influenzae, ambao wangepita tu, sasa hupata makao. Mwili hutuma chembechembe nyeupe za damu kupambana nao, na chembechembe hizo humwaga vimeng'enya vikali, hasa kile kiitwacho elastasi, ambavyo huzikata pia nyuzi zinazoushikilia ukuta wa mrija. Ukuta ukilegea, mrija hutanuka. Mrija ukitanuka, ute hutuama zaidi. Ute ukituama, bakteria huongezeka, na chembechembe nyeupe nyingine huitwa. Mwaka 1986 daktari wa Uingereza, Peter Cole, aliyaeleza haya kama duara ovu linalojilisha lenyewe. Maelezo hayo yameongezewa mengi tangu wakati huo, lakini kwa kumwelewesha mgonjwa hakuna picha iliyo bora kuliko hiyo ya duara.

Duara hilo lina milango mingi. COPD ni mlango mmojawapo. Kichomi kikali cha utotoni, surua na kifaduro ni milango mingine, na kifua kikuu ni mlango mpana kuliko yote katika nchi kama Tanzania. Njia huenda pia upande wa pili. Mtu mwenye bronkiektasisi ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake anaweza kupimwa upumuaji na kukutwa na njia zilizoziba, kwa sababu uvimbe wa mirija mikubwa umeshuka hadi kwenye midogo na kuacha makovu.

Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 201 wenye COPD ya wastani na kali. Zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na bronkiektasisi katika picha za CT, na waliokuwa nayo walikabiliwa na hatari ya kufa iliyozidi maradufu ile ya wenzao. Tafiti nyingine zimepata idadi ndogo kuliko hiyo, kwa sababu namna ya kuwachagua wagonjwa hutofautiana, na pia kwa sababu mirija ya wazee wenye afya nayo hutanuka kidogo kwa umri. Ndiyo maana wataalamu wa mtandao wa Ulaya wa bronkiektasisi, EMBARC, walipendekeza kwamba mtu asihesabiwe kuwa na magonjwa yote mawili mpaka mambo manne yawepo kwa pamoja: mirija iliyotanuka katika picha, kuziba kwa njia za hewa katika kipimo cha upumuaji, dalili za ugonjwa, na historia ya kuvuta sigara kwa muda mrefu au kukabiliwa na moshi mwingine wenye madhara. Sharti hili la nne lina uzito wake hapa kwetu, kwa kuwa linalihesabu pia jiko la kuni.

Kifua kikuu, moshi na vumbi

Programu ya Taifa ya Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ilianzishwa mwaka 1977, na kazi aliyoifanya humo Karel Styblo pamoja na Watanzania wenzake ndiyo iliyokuwa msingi wa mkakati wa DOTS ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Mfumo huo uliwahesabu waliopona kwa umakini mkubwa, na umeokoa maisha mengi. Haukuundwa kuwahesabu waliopona wakabaki na makovu.

Kovu la kifua kikuu, linapokauka, hunywea. Likinywea huvuta mirija ya jirani kutoka nje, kama kamba zinazovuta turubai, na mirija hiyo hubaki wazi na yenye kupinda. Tezi zilizovimba wakati wa ugonjwa nazo huweza kuubana mrija hadi sehemu iliyo mbele yake iharibike. Wakati huohuo mirija midogo iliyounguzwa na uvimbe huziba. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuyapata magonjwa yote mawili kwa pigo moja, bila kuwa mvutaji wa sigara, na akiwa bado na umri wa miaka thelathini.

Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilishiriki katika utafiti uitwao TB Sequel uliowafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wa Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini na Gambia tangu kuanza dawa hadi baada ya kumaliza. Utafiti huo umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanaomaliza dawa hubaki na mapafu yasiyofanya kazi ipasavyo. Jambo hili lina uzito wa pekee katika mikoa hii, kwa sababu VVU hukifungulia njia kifua kikuu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikadiria kuwa watu wazima wanaoishi na VVU ni asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4.

Kisha kuna moshi. Utafiti uliofanyika vijijini nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 uliwakuta na COPD watu 17.5 katika kila 100 waliopimwa, wote wakiwa na umri wa miaka 35 au zaidi. Katika Iringa anayestahili kuulizwa kwa makini ni mama anayepika pombe ya komoni. Pombe hiyo huchemshwa kwa saa nyingi juu ya moto wa kuni, mara nyingi katika kibanda kisicho na dirisha, na mpishi hawezi kuondoka kwa kuwa anakoroga. Akiulizwa kama anavuta sigara atajibu hapana, na jibu hilo likiandikwa kwenye faili bila swali la pili, COPD hufutwa isivyo haki. Wachoma matofali wa pembezoni mwa mji wako katika hali hiyohiyo.

Vumbi la mawe nalo lisisahauliwe. Wazee wa Mbeya, Rungwe na Njombe walilijua jina la Wenela, shirika lililowachukua vijana kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi uajiri huo ulipokomeshwa muda mfupi baada ya uhuru wa 1961. Waliosalia sasa ni wachache, lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wanasaga mawe hadi leo, na vumbi lake huliongezea pafu hatari ya kifua kikuu na ya COPD kwa pamoja.

Kuyatambua

Mgonjwa wa COPD peke yake hulalamika zaidi juu ya pumzi: anapanda mlima na kusimama njiani, anabeba ndoo na kuitua. Makohozi yake ni machache na meupe, isipokuwa anapozidiwa. Mwenye bronkiektasisi hulalamika zaidi juu ya makohozi yenyewe. Huyatema kila siku, mengi, ya njano au ya kijani, wakati mwingine yenye harufu mbaya au michirizi ya damu, na husema akilalia ubavu fulani kikohozi humjia. Ipo pia aina iliyo kavu, hasa ile inayofuata kifua kikuu cha sehemu za juu za mapafu, kwa sababu sehemu hizo hujimwaga zenyewe mtu akisimama. Huyo huweza kukaa miaka bila makohozi, kisha akakohoa damu ghafla.

Mtumishi wa afya asiye na mashine yoyote bado ana mengi ya kufanya. Stethoskopu humwonyesha mluzi wa njia zilizobanwa, na mahali palepale humwonyesha sauti nzito za mpasuko, kama uji unaotokota, ambazo hupungua au kubadilika mgonjwa akikohoa. Aiangalie pia mikono. Ncha za vidole zilizovimba kama virungu na kucha zilizopinda hazitokani na COPD peke yake. Zikionekana kwa mgonjwa anayetibiwa COPD, itafutwe bronkiektasisi, na itafutwe saratani ya mapafu. Kikombe cha plastiki chenye kuonyesha ndani, alichokitumia mgonjwa kwa saa 24, hueleza zaidi kuliko maswali mengi.

Kipimo cha upumuaji, spirometa, ndicho kinachothibitisha COPD: hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote inayotolewa ni chini ya 0.70, hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia. Bronkiektasisi huthibitishwa kwa picha ya CT, ambapo mrija huonekana mpana kuliko mshipa wa damu unaoandamana nao, kama pete yenye kito. Eksirei ya kawaida huweza kuonekana safi huku ugonjwa upo. Katika miaka ya karibuni mashine za CT zimefikishwa katika hospitali za rufaa za mikoa, na hiyo ni hatua kubwa, ingawa nauli na gharama ya kipimo bado huwarudisha wengi nyumbani. Si kila mwenye COPD anayehitaji picha hiyo. Anayeihitaji ni yule anayetema makohozi mengi kila siku, anayezidiwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, anayekohoa damu, au aliyewahi kuugua kifua kikuu na hajarudi katika hali yake.

Kuhusu hilo neno "kimerudi", tahadhari ni ya lazima. Kifua kikuu hurudi kweli, na kila kikohozi cha aina hii kipimwe makohozi. Lakini kipimo cha GeneXpert hutambua chembe za urithi za bakteria, nacho hakitofautishi bakteria aliye hai na aliyekufa. Kwa mtu aliyemaliza dawa ndani ya miaka michache iliyopita, jibu dhaifu la "upo kidogo sana" lisitoshe kumrudisha kwenye dozi; yaoteshwe makohozi maabara. Na makovu ya zamani katika eksirei si ushahidi wa ugonjwa mpya. Wapo watu waliomeza dawa za kifua kikuu mara tatu bila bakteria kuonekana hata mara moja katika duru mbili za mwisho. Muda wote huo ugonjwa uliowasumbua ulibaki bila tiba, na majirani waliendelea kuwatenga kwa kuhofia maambukizi ambayo hayakuwapo.

Dawa zinazobadilika

Dawa za kuvuta za kupanua njia za hewa huwafaa wenye magonjwa yote mawili. Pampu itumike kwa chombo cha kati. Chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu hufanya kazi vizuri, na ni afadhali kuliko vidonge vya salbutamoli, ambavyo hutetemesha mikono na kuuenda mbio moyo kwa faida ndogo.

Steroidi za kuvuta ndipo penye tofauti. Huwasaidia baadhi ya wenye COPD, hasa wanaozidiwa mara kwa mara na ambao damu yao ina eosinofili nyingi. Kwa mwenye bronkiektasisi asiye na pumu hazina faida iliyothibitika, na huongeza hatari ya kichomi na ya maambukizi ya jamii ya kifua kikuu. Pampu yenye steroidi iliyoandikwa miaka mitano iliyopita "kwa ajili ya kifua" inastahili kuulizwa upya sababu yake.

Dawa za antibiotiki nazo hutofautiana kwa muda. COPD ikizidi, siku 5 hadi 7 hutosha kwa kawaida. Bronkiektasisi ikizidi, dozi huwa ya siku 14, na makohozi yachukuliwe kwa ajili ya kuoteshwa kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu Pseudomonas aeruginosa, anayependa mirija iliyotanuka, haogopi amoksisilini. Mgonjwa anayenunua vidonge vya siku tatu katika duka la dawa kila anapopata nafuu ya fedha huwafundisha bakteria wake usugu. Levofloksasini na dawa za jamii yake zisitolewe kabla ya kupima kifua kikuu, kwani hukifunika kwa muda na kuchelewesha utambuzi. Azithromisini ya muda mrefu, inayopunguza kuzidiwa, ni uamuzi wa daktari bingwa, tena baada ya kuhakikisha kwamba hakuna maambukizi ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu na kwamba mapigo ya moyo yamepimwa.

Kazi ya mgonjwa

Kuyatoa makohozi ndiyo tiba ya bronkiektasisi inayofundishwa mara chache kuliko zote, ingawa haigharimu chochote. Mgonjwa aketi wima, apumue kwa utulivu kwa dakika moja. Kisha avute pumzi ndefu mara tatu au nne, kila moja akiishikilia kwa sekunde mbili au tatu. Baada ya hapo apulize hewa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute, mara moja au mbili. Makohozi yakifika juu ayakohoe. Arudie mzunguko huo kwa dakika 10 hadi 20, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Aliyetakiwa kutumia pampu aanze nayo robo saa kabla. Mwenye ugonjwa wa sehemu za chini za mapafu hufanya zoezi akiwa amelalia ubavu ulio mzima, ule wenye ugonjwa ukiwa juu. Kutembea kila siku hadi pumzi ipande kidogo ni sehemu ya tiba, wala si jambo la kuogopwa. Baba anayekohoa hatakiwi kukalishwa kitini mwaka mzima kwa heshima ya ugonjwa wake.

Zoezi lisimamishwe damu ikitoka. Michirizi kwenye makohozi ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyo au kesho yake. Damu mbichi inayokaribia nusu glasi ni dharura. Mgonjwa alazwe akilalia upande wenye ugonjwa, kama unajulikana, ili damu isimiminike kwenye pafu zima, naye apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Moto wa kuni utolewe nje au uwekewe bomba la moshi, na jiko la mkaa lisilale chumbani, ambako mbali na moshi huleta gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Mpishi wa komoni asiambiwe tu aache kazi inayolipa ada za watoto. Aambiwe abomoe ukuta mmoja wa kibanda chake, akae upande upepo utokako, na asimbebe mtoto mgongoni anapokoroga.

Anayepewa rufaa aende na kila karatasi aliyonayo: kadi ya kifua kikuu yenye tarehe za kuanza na kumaliza, majibu ya makohozi, na hasa picha za zamani za eksirei, hata zile zilizokaa chini ya godoro miaka kumi. Daktari akiziweka pamoja na mpya ataona kwa dakika moja kama kivuli kilichomtisha mtu kimekua au kiko vilevile, na kwa mgonjwa wa aina hii mara nyingi hakuna kipimo kingine kinachojibu swali hilo kwa haraka kama hicho.